Nilichowaficha watoto wa asubuhi

Niliwanyima watoto wa darasa langu somo la asubuhi ili niwauzie jioni. Naanza na hilo ili anayesoma asidhani nitazungukazunguka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kindu, mkoa wa Maniema, na kwa miaka kadhaa baada ya masomo ya bure kutangazwa mwaka 2019 nilifanya jambo ambalo kwa muda wote huo sikulitamka mbele ya mkaguzi, wala mbele ya komite ya wazazi, wala mbele ya imamu. Wazazi wengi wa mji huu wanalijua kwa sababu walinilipa. Wasiolijua ni wale ambao hawakuwa na cha kulipa, na hao ndio ninaowaandikia kwanza, ingawa nafahamu kwamba wengi wao watasomewa na mtu mwingine.

Kwa aliye mbali na Kongo nieleze kidogo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Kwa miaka kumi na mitatu maneno hayo yalibaki kwenye karatasi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati serikali ya Mobutu iliposhindwa kulipa mishahara na walimu wakagoma hadi masomo yakasimama, wazazi ndio waliomlisha mwalimu. Malipo hayo tuliyaita primi. Mzazi alileta franga zake, mkuu wa shule, ambaye huku ni direkta, alizihesabu, sehemu tukagawana sisi walimu, na sehemu ikapanda ofisini, kisha kutoka ofisi hiyo ikapanda nyingine. Mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Nimewarudisha wengi. Nilisimama mlangoni na orodha, nikasoma majina, mtoto akachukua kaye zake, yaani madaftari yake, na kutoka huku wenzake wakimtazama. Hilo nalo linanisumbua, lakini lilifanyika mchana kweupe na kila mtu aliijua kanuni yake, hata mtoto mwenyewe. Ninaloliungama leo lilifanyika kwa kificho, nalo naliona baya zaidi, kwa sababu mtoto alibaki ndani ya darasa akiamini kwamba anafundishwa.

Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru kifungu kile kianze kutekelezwa, watoto walimiminika. Mji wetu umekatwa na mto Lualaba: Kasuku na Mikelenge ziko upande mmoja, Alunguli iko ng'ambo, na anayetaka kuvuka anapanda mtumbwi au boti. Watoto walikuja kutoka pande zote. Benchi la watoto watatu likakaliwa na watano, wengine wakakaa chini na kuandikia magotini. Walikuwamo wasichana waliokwisha kuvunja ungo wakikaa na wadogo zao katika darasa moja. Wiki za kwanza nilifurahi, na nilifurahi kweli. Nilikuwa nimechoka kusoma majina mlangoni.

Kisha ukafika mwisho wa mwezi. Primi ilikuwa imefutwa, na mimi nilikuwa N.P. Kila mwalimu wa Kongo anazijua herufi hizo. N.P. ni mwalimu asiyelipwa na serikali. Anafundisha, anasahihisha, anatembelewa na mkaguzi, lakini jina lake halimo katika orodha ya mishahara. Tulikuwa maelfu kwa maelfu nchi nzima, na primi ndiyo iliyokuwa mshahara wetu. Serikali iliiondoa kabla ya kutuingiza sote kwenye orodha. Baadaye ukaguzi wa fedha wa taifa ukakuta ndani ya orodha hiyo shule zisizokuwapo na walimu wasiokuwapo, na mwaka 2021 wakubwa wakafikishwa mahakamani na kufungwa. Hewa ililipwa, na sisi tuliosimama mbele ya ubao tukakosa.

Maniema ni nchi ya mpunga, kwa hiyo mke wangu akaanza kupika mchele na kuuza kando ya njia. Wenzangu wengine waliacha chaki wakaenda machimboni kutafuta dhahabu, na wapo ambao hawakurudi tena kufundisha. Mimi nilibaki. Nilibaki kwa kuwa napenda kazi hii, na sitaki mtu afikiri kwamba mtu anayewadhulumu watoto lazima awe mtu anayewachukia.

Wazazi wenyewe ndio waliokuja kwangu mwanzo. Baba mmoja mwenye kazi nzuri aliniambia, "Mwalimu, mtoto wangu amepotea katika umati ule. Umfundishe jioni, tutaelewana." Nikamkubalia. Wakaja wa pili na wa tatu, na punde uani kwangu pakawa na kikundi cha watoto kila saa tisa, wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na franga zake za wiki. Huku tunaiita ankadrema, na inafanyika kila mji wa nchi hii. Kumsaidia mtoto wa mtu jioni na kupokea kitu kidogo si dhambi. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na la kuungama.

Kosa lilianza na somo la sehemu. Naomba nilieleze polepole, kwani humo ndimo jambo lote lilimo.

Nilitakiwa kuwafundisha darasa la tano kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, tuseme theluthi mbili na robo moja. Njia niliyofunzwa, na ambayo nilikuwa nikiifuata miaka yote, ni kuanza na kitu kinachoshikika. Unachukua karatasi mbili zilizo sawa. Ya kwanza unaikunja kwa urefu iwe vipande vitatu, viwili unavipaka mkaa. Ya pili unaikunja iwe vipande vinne, kimoja unakipaka mkaa. Unawauliza watoto: je, naweza kuvihesabu vipande hivi vyeusi pamoja? Mmoja atasema ndiyo, viko vitatu. Mwingine atasema hapana, havilingani ukubwa. Unawaacha wabishane. Ndipo unaikunja ya kwanza kwa upana mara nne, na ya pili kwa upana mara tatu, na zote mbili zinafunguka zikiwa na vyumba kumi na viwili. Vyeusi ni vinane huku, vitatu kule. Jumla kumi na moja kati ya kumi na viwili. Mtoto aliyeiona karatasi ikifunguka hatauliza tena maishani mwake ile 12 imetoka wapi, na hata akisahau kanuni ataitengeneza upya mwenyewe.

Asubuhi ile karatasi hazikuwapo. Niliandika ubaoni 2/3 + 1/4 = 8/12 + 3/12 = 11/12, nikawaambia wanakili. Mvulana mmoja wa benchi za nyuma akanyoosha mkono, akauliza kumi na mbili imetoka wapi. Nikamjibu, "Ni kanuni. Nakili." Saa tisa, uani kwangu, nikazitoa karatasi.

Nilijua ninachofanya. Karatasi zile nilikuwa nimezikata usiku wa kuamkia siku hiyo, nikazipaka mkaa, nikaziweka juu ya kabati, na asubuhi nikatoka nyumbani nikiziona. Mtu anaweza kusema alisahau kitu nyumbani. Mimi sikusahau.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo njia yangu. Nilikuwa nimegundua kwamba mzazi halipi ikiwa mtoto wake ameelewa asubuhi. Basi asubuhi nikawa natoa kile ambacho mkaguzi akija atakiona kwenye kaye: tarehe, kichwa cha somo, kanuni iliyopigiwa mstari, mfano mmoja, zoezi. Maelezo nikayaweka kando. Kifaransa ndicho kilichoumia zaidi. Sheria ya elimu ya 2014 inataka watoto waanze kusoma kwa lugha yao, na kwetu ni Kiswahili, halafu waingie katika Kifaransa. Kazi ya mwalimu wa madarasa ya juu ni kuwavusha: unasoma sentensi ya Kifaransa, unaifungua kwa Kiswahili chetu cha Kindu, unarudi kwenye Kifaransa, hadi mtoto aweze kutembea mwenyewe. Kuvusha huko nikakuhamishia jioni. Asubuhi tulisoma kwa sauti moja, mimi mbele, wao wakiitikia, darasa zima likinguruma mpaka direkta akipita nje anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Halafu ikaja intero, jaribio la kila Ijumaa. Maswali niliyatoa katika yale tuliyofanya uani. Watoto wa mkekani wakapata nane, tisa juu ya kumi, wengine wakapata mbili. Buleti, yaani ripoti za mwisho wa muhula, zikatoka, na nafasi za juu darasani zikawa ni majina yale yale ya orodha yangu ya franga. Wazazi waliolipa wakaona fedha zao zinazaa. Wengine wakaja. Hao watoto nikawaketisha benchi za mbele, nikisema moyoni kwamba wanaostahili mbele ni wanaofuatilia. Nilikuwa nimeligawa darasa moja kuwa mawili, chini ya paa moja, kwa sauti moja ya mwalimu mmoja, na hakuna karatasi yoyote ya serikali ambayo ingeweza kuonyesha hilo.

Yule mvulana aliyeuliza kumi na mbili imetoka wapi alikuwa wa Alunguli. Alivuka mto kila alfajiri pamoja na mama yake, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa sokoni. Siku moja nikamkuta nyuma ya ua wangu wa mianzi, amechuchumaa, jicho kwenye upenyo, kaye imefunguliwa juu ya goti. Alikuwa akinakili somo la jioni. Nilipaswa kumfungulia mlango. Nikafikiri: wenzake wakimwona anaingia bure, kesho nani atalipa? Nikamwambia, "Mwambie mama yako aje tuongee." Akafunga kaye, akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda. Mama hakuja. Mtoto naye hakurudi kwenye ua, na hata asubuhi darasani hakunyoosha mkono tena. Mwaka uliofuata alifika hadi katikati ya darasa la sita, akaacha. Sasa anabeba mizigo kando ya mto. Ni kijana mwenye nguvu, ananisalimia kwa heshima, na kila anaponisalimia natamani asinisalimie.

Wakati huo huo mimi nilikuwa mmoja wa watu waliosema kwa sauti kubwa kwamba gratwite, yaani elimu ya bure, imeua masomo. Tulisema hivyo wote: walimu, wakubwa wa mji, wazazi wenye uwezo. Watoto wa siku hizi hawajui kusoma. Zamani, tulipokuwa tunalipa, mtoto wa darasa la nne aliandika barua. Na sababu za kusema hivyo zilikuwapo. Watoto mia na zaidi mbele ya mtu mmoja si darasa. Korona ilifunga shule Machi 2020, na ni wa madarasa ya mtihani tu walioitwa tena Agosti. Mwaka mpya ukaanza Oktoba, shule zikafungwa tena Desemba hadi Februari 2021. Oktoba ya mwaka huo huo walimu wakagoma, na kule Kinshasa wanafunzi wakaingia hadi ndani ya jumba la Bunge kudai walimu wao warudi. Yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwa nayatumia kama mtu anavyojificha nyuma ya umati.

Maana upo ukweli mwingine ambao sikupenda kuutaja. Mwaka 2019 wanafunzi wetu walipimwa pamoja na wa nchi nyingine za Afrika zinazotumia Kifaransa, katika mtihani wa PASEC. Karibu robo tatu ya watoto wa Kongo waliokuwa wanamaliza shule ya msingi hawakufikia kiwango cha kutosha katika kusoma, na katika hesabu zaidi ya wanane kwa kumi hawakukifikia. Watoto hao walipimwa kabla ya Septemba ile. Walikuwa watoto wa primi, watoto waliolipiwa. Kwa hiyo ule uzuri wa zamani tuliokuwa tukiulilia haukuwapo. Tulikuwa tumewazoea wachache waliofaulu, na waliobaki tulikuwa tumekwisha kuwarudisha nyumbani, hatukuwaona. Gratwite iliwaleta mbele ya macho yetu, nasi tukasema imeharibu.

Katika mkutano mmoja wa wazazi nilisimama nikasema maneno yangu hayo. Akainuka mama mmoja mtu mzima, mlezi wa wajukuu, akauliza kwa utaratibu, "Mwalimu, unasema watoto hawajui kwa sababu wamekuwa wengi. Sasa wale wanaokuja kwako jioni, si wamo katika wingi huo huo? Mbona wao wanajua?"

Ukumbi ulinyamaza. Nikamjibu, "Mama, wale wana akili. Kila mtoto na kipaji chake."

Akakaa. Wazazi wa watoto wa mkekani walitazama chini, kwa kuwa walijua wamenunua nini. Katika yote niliyoyafanya, jibu lile ndilo linaloniuma kuliko mengine. Kumnyima mtoto somo ni wizi. Kumwambia bibi yake kwamba mjukuu hana akili, baada ya kumwibia, sina jina lake.

Na sasa nifike mahali ambapo wengi wangependa niishie kwa kusema njaa ilinisukuma. Njaa ilinianzisha, ndiyo. Lakini jina langu liliingia kwenye orodha. Siku moja nikaitwa benki, nikaweka saini, nikapokea mshahara wa serikali, mdogo, ila wa kweli, na ukaendelea kuja. Nilirudi nyumbani nikanunua nguo za watoto, mke wangu akamshukuru Mungu, na kesho yake saa tisa nikatandika mkeka kama kawaida. Niliendelea mwaka mzima mwingine wa shule nikiwa mwalimu anayelipwa. Wakati huo sikuwa nauza somo ili nile. Nilikuwa nimezoea kuheshimiwa na wazazi wenye magari, nilikuwa nimeanza kujenga chumba cha matofali ya kuchoma, na nilikuwa napenda watoto wale wachache wanaoelewa haraka. Kufundisha wachache wanaoelewa kuna raha yake. Wale mia wa asubuhi walinichosha, na nilikuwa nimekwisha kuwakatia tamaa kabla sijawafundisha.

Kilichonikamata ni jogoo. Msichana mmoja wa benchi za nyuma alifaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Kaye zake niliwahi kumwonyesha mkaguzi. Mama yake alikuja nyumbani kwangu na jogoo mwekundu chini ya kwapa, amejifunga kitenge kipya, aje kunishukuru. Hakusoma yeye mwenyewe hata siku moja, alisema, na sasa nyumbani mwake yupo anayesoma. Akamwambia binti, "Msomee Mwalimu, asikie."

Binti akafungua kaye yake ya Kifaransa, akaanza. Sauti ilikuwa nzuri, bila kukwama. Kidole chake kilikuwa kikitembea chini ya maneno, nami nikakifuata kwa macho, nikaona kwamba kidole kimefika mstari wa tatu wakati mdomo bado uko mstari wa kwanza. Nikanyoosha mkono, nikafungua ukurasa mwingine, wenye somo jingine kabisa. Akaendelea na maneno yale yale. Alikuwa ameyashika yote kwa sikio, katika ile miitikio ya asubuhi. Aliponitazama nikajua kwamba anajua, na kwamba ameona kuwa nimejua. Mama yake alikuwa anatabasamu. Nikasema, "Vizuri sana," nikampokea jogoo.

Sisi Waislamu tunafundishwa kwamba kuna makosa kati ya mtu na Mola wake, na kuna haki ya mja. La kwanza unalitubia kwenye msala. La pili halifutiki kwa sala hadi umwendee uliyemdhulumu. Usiku ule nilisali na sikupata chochote katika sala yangu.

Nina ndugu wa ukoo aliyehamishiwa Marekani kama mkimbizi. Nilipomweleza habari hizi kwa simu hakushangaa kama nilivyotarajia. Aliniambia kwamba hata huko shule hazilingani, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya nyumba za mtaa, na mtaa wa nyumba za thamani una shule ya thamani. Baadaye nilisoma kwamba mtihani wao wa kitaifa wa watoto wa miaka 9 ulishuka kati ya 2020 na 2022, ila haukushuka sawa: katika kusoma, watoto walio karibu na juu kabisa walipoteza pointi 2, na walio karibu na chini kabisa walipoteza pointi 10. Nilizitazama namba hizo muda mrefu. Nchi tajiri kuliko zote, na inapopungukiwa, upungufu unamwagwa kwa mtoto wa chini. Kwao kuna mtaa mzima na kodi zake katikati ya mtoto wa juu na mtoto wa chini. Kwetu katikati yao nilisimama mimi.

Majirani zetu walitangulia kufuta ada: Uganda 1997, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya 2003, Burundi 2005. Kila mahali madarasa yalifurika, na mahali pengi mwalimu wa mchana akageuka kuwa muuzaji wa jioni. Kenya imefika hadi kuandika katika sheria ya elimu ya 2013 kwamba kufundisha kwa malipo wakati wa likizo ni marufuku. Sisi hapa ankadrema tunaiona kama bidii. Mimi mwenyewe nilisifiwa kwa bidii.

Nilibadilisha njia yangu. Nasema kwa ufupi, kwa sababu kufanya kazi niliyoajiriwa kuifanya si jambo la kusimulia kwa kirefu. Karatasi zenye mkaa zinaingia darasani asubuhi. Kila benchi lina jozi yake, na mtoto aliyeelewa anawafunulia wenzake kwa Kiswahili, kwa sababu mimi siwezi kufika kila benchi. Jioni uani kwangu wanakuja wasiojua kusoma, bila franga, nasi tunaanza na silabi za Kiswahili hata kama mtoto yuko darasa la sita. Intero inatoka ubaoni. Wazazi kadhaa waliokuwa wakilipa walikasirika na kuwahamishia watoto wao shule za binafsi. Sikuwalaumu, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba elimu ni ya anayelipa. Chumba cha matofali hakijaezekwa. Wale waliopita mikononi mwangu hawarudi darasa la tano kwa sababu mimi nimebadilika.

Nilivuka kwenda Alunguli kumwona mama wa yule mvulana. Nilimweleza yote, karatasi, ua wa mianzi, maneno niliyomwambia mtoto wake. Alinisikiliza huku akigeuza samaki juu ya moshi. Nilipomaliza akasema, "Asante kwa kusema, Mwalimu. Lakini maneno haya sasa nitayafanya nini? Ungeyaleta alipokuwa mdogo." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimemwambia kijana kwamba uani kwangu kuna nafasi yake. Alisema atafikiri. Hajaja.

Bibi aliyeuliza swali mkutanoni nilimwendea pia, nikamwambia kwamba wajukuu zake wana akili kama watoto wengine, na kwamba nilisema uongo. Akaniuliza kama nitayasema hayo mbele ya watu wale wale. Nikayasema, katika mkutano uliofuata. Wenzangu wawili hawanisalimii tangu siku hiyo.

Kwa wanaopanga mishahara nina neno moja. Kumwacha mtu afundishe bila kulipwa, kisha kushangaa kwamba anauza somo, hakumsaidii mtoto. N.P. bado wapo. Waingizeni kwenye orodha kabla hamjatuma mkaguzi wa kuwakagua. Nasema hivi bila kujitoa, kwani mimi nililipwa na bado niliuza.

Walimu wenzangu, mnajua kila mmoja kile alichokiacha juu ya kabati. Kipelekeni darasani kesho.

Na wewe mzazi, usiitazame kaye ya mtoto wako, kwa kuwa mwandiko mzuri unaweza kuficha mengi. Leo jioni mpe kitu asichokijua: karatasi iliyofungiwa chumvi, maandishi ya kopo la maziwa, tangazo la ukutani. Mwambie asome, kisha akueleze kimesema nini. Kama wewe mwenyewe husomi, mwite jirani asikilize. Mtoto akishindwa, usimpige. Nenda shuleni, muulize mwalimu wake kwa nini, na akikujibu kwamba mtoto wako hana akili, usikae chini. Uliza tena.